Miezi Sita Bila Zebaki

Serikali ilimpa Risper miezi sita ya kujaribu mashine yake ya kuosha dhahabu pale kwenye machimbo ya Macalder, bila ile leseni kubwa ambayo hata angeuza ng'ombe wote wa Nyatike asingeipata. Masharti yalikuwa mawili tu: zebaki isiguse mchanga wake, na kila kinachotokea kiandikwe daftarini. Mama yake alinasa dhahabu kwa zebaki miaka thelathini, akafa mikono ikitetemeka, hata kijiko hakishikiki. Risper hakutaka mwanamke mwingine afe hivyo.

Lakini mazoea yana taabu. Mwezi wa tano wa majaribio, Orpah, mwoshaji wake hodari kuliko wote, alifungua fundo la leso, akatoa kichupa na kudondoshea zebaki kwenye karai la mwisho, kama mpishi anayemalizia mboga kwa chumvi. Kisha akashtuka, akaketi chini pu!

"Nyathina, mwanangu, nimekuua! Mkono umejiendea wenyewe."

"Mwaga haraka!" wenzake wakamhimiza Risper. "Mosoti anakuja kukagua saa sita. Nani atajua?"

Risper aliogopa, tusidanganyane. Alishika kalamu, akaiweka. Halafu akautazama mkono wa Orpah. Ulikuwa ukitetemeka, na mtetemeko ule aliujua tangu utotoni. Akaandika yote.

Mosoti, afisa kutoka Migori, alisoma taratibu.

"Miezi minne unaniandikia 'hakuna shida'. Nilikuwa nimeanza kushuku. Mama, hii ruhusa tulipeana ndio tujue watu watakosea wapi. Wamama wanaoosha dhahabu kule Ndhiwa wanangoja majibu ya hapa ndio nao waanze."

"Kwa hivyo hufungi?"

"Nafunga hiyo karai tu. Lakini niambie, utafanya nini isirudie?"

Orpah ndiye aliyeinuka, akaweka kichupa chake mezani.

"Mkono hauwezi kuchukua kitu haiko," akasema.

Kisha Emmah, mwoshaji mwenzake, akafungua fundo lake. Marcella naye. Mmoja baada ya mwingine, wanawake walewale walioapa siku ya kwanza kwamba hawana zebaki, wakapanga vichupa mezani, macho chini kwa aibu. Vikawa saba.

Risper aliona uchungu, akaona na raha. Akafungua leso yake, akatoa kichupa cha mama yake, alichokuwa akikibeba siku zote endapo mashine ingemwangusha.

Akakiweka pamoja na vingine, akachukua kalamu, akaandika: "Vichupa vinane."