Kisichouma

Muuguzi alipofungua kisanduku cha maswali mbele ya darasa letu, karatasi ya tatu aliyoitoa ilikuwa yangu. Niliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usinichongee. Akaisoma: "Kidonda kisichouma kikipona chenyewe bila dawa, mtu amepona?"

Darasa likaangua kicheko. Nilicheka kuliko wote, maana mimi ndiye mchokozi wao na kimya changu kingenisuta. "Huyo kang'atwa na mdudu!" nikasema, wakazidi kushika mbavu. Sisi wa nyuma tulikuwa na sheria yetu: kisichouma si ugonjwa. Aliyeitunga ni kijana tuliyemwita Daktari, kwa kuwa hakukosa jibu. Ndiye huyohuyo aliyeniambia wakati wa likizo kwamba yeye ni mzima, haumwi popote, nami nikamwamini.

Muuguzi hakucheka. "Hapana. Inaweza kuwa kaswende. Kidonda huondoka, ugonjwa ukabaki kwenye damu. Lakini dawa ipo, anatibika. Aje zahanati apimwe."

Wiki tatu nzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kidonda kupona.

Alhamisi nikaenda zahanati nikiwa na soksi za shule. Niliichagua siku hiyo kwa sababu shangazi yangu, anayeandikisha wagonjwa pale, huwa hayuko zamu. Kumbe zamu zimebadilishwa. Nikamkuta dirishani.

"We mama, saa za masomo umefuata nini huku?" Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la bibi.

"Malaria, shangazi. Kichwa kinaniuma."

Uongo ulitoka wenyewe. Akajaza kadi upesi upesi, huku akinitania kwamba mbu wa siku hizi wanajua ratiba ya mitihani.

Mtu wa maabara akanichoma kidole. Baada ya robo saa akanirudishia kadi.

"Huna kitu. Nenda nyumbani."

Huna kitu! Maneno yaleyale niliyokuwa nikiyaomba usiku na mchana. Nikatembea hadi getini nikiyarudia. Si damu yangu ndiyo iliyopimwa? Mtu akiniuliza ningeapa kwamba nimepimwa damu na sina kitu, na kiapo kisingekuwa cha uongo. Hapo nikaogopa kuliko siku zote. Niliona wazi kwamba ningeweza kuyaamini maneno hayo miaka na miaka, na kumwambia mtu mwingine vilevile nilivyoambiwa mimi.

Nikarudi dirishani kabla sijajionea huruma.

"Shangazi, sikuja kwa malaria. Nataka kupimwa kaswende."

Nilikusudia kunong'ona. Sauti ikanisaliti, benchi zima likageuka.

Shangazi alinitazama. Nilisubiri matusi, nilisubiri "ngoja baba yako asikie". Badala yake akavuta kadi mpya, akaandika herufi mbili, akakosea, akazikata, akaanza tena. Sikuwahi kumwona hivyo hata msibani.

"Shangazi, unaogopa?"

"Naogopa," akasema. Akamwomba mwenzake amshikie dirisha, akatoka, akaja kuketi nami kwenye benchi mbele ya watu wote.