Kandege ka Kituo cha Saba

Kazi yangu ni kusimama. Miaka kumi na nne sasa, kila Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nasimama kituo cha saba, kwa matete ya kinamasi chini ya mtaa wa Kabiria, dakika kumi bila kusonga, naandika kila ndege naona ama nasikia. Mama wa mandazi huniita askari wa hewa. Namwambia niko na diploma ya kusimama.

Ijumaa moja Kanyiva akaniita ofisini, town, orofa ya nne. Kanyiva ndiye hukaa na kompyuta, na ndiye alikuwa anamalizia mkubwa wetu, Daktari Muema, ripoti ya ndege. Ripoti ilisema kale kandege ka matete, kadogo kama kidole gumba, kameisha Kabiria. Miaka mitatu sijakaandika. Na kama kameisha, kituo cha saba kinatolewa kwa orodha ya mahali panalindwa, na kuna jamaa anataka kumwaga mchanga pale ajenge, hakuna mtu atamuuliza kitu.

"Mzee Jackton, keti."

"Nikikaa mtanikata mshahara."

Hakucheka. "Unakumbuka ile rekoda tulifunga kwa mti mwezi jana?"

"Ile wezi walikosa kuona?"

"Hiyo. Sikiza."

Nikasikiza. Bodaboda. Kunguru. Mtu anakohoa. Huyo wa kukohoa ni mimi.

"Umesikia nini?"

"Kunguru wawili. Na mzee mmoja mgonjwa."

Akaongeza sauti. "Na sasa?"

"Kunguru walewale, wamekasirika."

Akanigeuzia kompyuta. Kompyuta ilikuwa imechora ile sauti. Huko juu kabisa, pa sauti nyembamba, kulikuwa na vimistari vingi, kama nyasi imekatwa vibaya.

"Hizo zote ni kandege, mzee. Kaliita mara ishirini na tatu, na wewe umesimama hapo. Fomu yako ya siku hiyo ndiyo hii."

Nikaona mwandiko wangu. Kwa mstari wa kandege, sufuri safi, ya duara. Sikusikia uchungu, sikusikia aibu. Nilikuwa naangalia tu, kama mtu anaangalia nguo za jirani kwa kamba. Nakhumicha, bibi yangu, amekuwa akilalamika ati simsikii akiongea. Mimi nilidhani ni ndoa.

"Sauti za juu ndizo hupotea kwanza, watu wakizeeka," Kanyiva akasema polepole. "Si makosa yako."

"Daktari anajua?"

"Bado. Ripoti inaenda saa nane. Nimeona nikisema mimi, ni kama nimekushtaki."

"Na nisiposema?"

Akaangalia meza. Sote wawili tulijua kontrakti yangu ni ya kuhesabu. Mtu kama hasikii, hahesabu, iko kwa ukurasa wa kwanza. Mimi ndiye nilifunza Kanyiva huo ukurasa.

"Usiposema, sitasema," akajibu. "Lakini kandege bado kako pale."

Saa saba na nusu nikabisha kwa Daktari Muema. Alikuwa anakula githeri kwa kopo.

"Daktari, usipeleke ripoti. Kandege hakajaisha. Ni mimi nimeisha."

"Jackton, leo sina time ya mchezo."

"Hata mimi."

Nikamweleza yote, nimesimama. Akaweka kijiko chini.

"Miaka mitatu?"

"Sema minne. Sijui ilianza lini. Ukiacha kusikia kitu, huwezi sikia ukiacha."

"Nitalazimika kutoa hesabu zako zote za hiyo miaka kwa ripoti."

"Toa."

"Na kontrakti..."

"Najua, Daktari. Kula, githeri inapoa."

Nikatia sahihi karatasi mbili, ya kutoa hesabu na ya kumaliza kontrakti. Kalamu ilikuwa inaandika vizuri, hiyo ndiyo nakumbuka.

Jumanne nikampeleka Kanyiva Kabiria, sasa yeye ndiye wa kuhesabu, nimwonyeshe pale miguu hukaa, maana hapo ni matope na mtu asipojua ataingia mpaka goti. Fomu ilikuwa kwa mkono wake. Mkono wangu sikujua niuweke wapi, nikautia mfukoni.

Akatazama saa, akaanza. Baada ya muda kidogo akaandika kitu.

"Ni kenyewe?" nikanong'ona.

"Shh. Ndiyo. Kanaita sasa."

Nikaangalia matete. Hayakuwa yanatingika. Akaandika tena, akaandika tena. Nikasimama hapo karibu yake, sisongi, mpaka dakika kumi zikaisha.