Bibi wa Kona ya Hanzlík

Watu wa kijiji cha Křivá Lhota waliweza kubishana juu ya mbio zao za pikipiki mpaka bia iishe: nani alishinda mwaka wa mvua ya mawe, bata bukini wa nani waliingia barabarani, padri yupi alikuwa wa kwanza kufupisha misa ili awahi kuziona mashine kubwa. Jambo moja tu halikuwa na ubishi. Raundi yao ya ubingwa wa taifa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mpeasi wa Ctibor Hanzlík.

Mti huo ulisimama kwenye uzio wake, pale barabara inapovuka mgongo wa kilima, inashuka, kisha inakata kushoto bila kuaga. Kila Agosti majirani walileta magodoro yaliyochakaa, wakayafunga kwa kamba kulizunguka shina, na Drahomíra, mke wa Ctibor, akaongeza lao la harusi lenye mistari myekundu huku wanaume wakimtania. Hakuna aliyewahi kuugonga. Waendeshaji waliuita Bibi, na mshindi wa siku hakuruhusiwa kuonja pombe kabla hajaenda kulibusu shina.

Mwaka ambao Zbyněk, mtoto wao wa pekee, alikuwa anaongoza kwa pointi nchi nzima, mkaguzi wa mbio alifika wakati wa machipuko. Aliutazama mti, akautazama uzio, akatikisa kichwa.

"Huu uondoke, bwana Hanzlík. La sivyo raundi itahamia kwenye uwanja mpya."

Ctibor hakula siku hiyo. Alishaliona shada la ubingwa shingoni mwa mwanawe, hapa hapa, mbele ya watu waliomwona akijifunza kutembea. Roho yake yote ilikuwa kwenye shada hilo.

"Mngoje Zbyněk arudi kutoka Brno," Drahomíra alimwambia. "Muulize."

"Nimuulize nini? Mti wangu, mtoto wangu."

"Na hicho kichwa ni cha nani? Maana sioni kikifanya kazi."

"Mama Zbyněk, mtoto gani anataka gogo mbele ya pua yake?"

"Wako hajawahi kulilalamikia."

Aliukata Jumatatu, ukiwa umejaa maua, nyuki wakihangaika matawini hata ulipokuwa umelala chini. Iliuma. Alijiambia kwamba baba mzuri huumia, na akajiamini, kwa kuwa mtu akitaka jambo sana huwa hakosi hoja.

Zbyněk alirudi wiki ya mbio. Alisimama kwenye kisiki, kofia yake ya chuma mkononi.

"Umeukata."

"Kwa ajili yako, mwanangu. Sasa kona iko wazi kama uwanja wa mpira!"

Kijana alitazama juu, kule kilimani, kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ahsante, baba." Ctibor alilisikia neno hilo tu. Hakujiuliza kwa nini lilichelewa.

Jumamosi ya mazoezi mvua ilinyesha kutwa, na wote walishuka kilima taratibu kama watu wanaobeba mayai. Jumapili jua likawaka. Magodoro yalibaki ghalani, maana hapakuwa na mti wa kuvikwa, wala hakuna aliyewaza kwamba kona yenyewe bado ilikuwa pale pale.

Karibu na mwisho Zbyněk alikuwa bega kwa bega na kijana mmoja wa Praha. Ctibor, amesimama mlangoni, aliwaona wakitokea kileleni pamoja. Yule wa Praha, mgeni wa kona hiyo, alifunga breki. Zbyněk hakufunga. Aliinua kichwa, uso umeelekea juu, kama mtu anayemtafuta mwenyeji wake kituoni, na injini yake iliendelea kulia peke yake. Aliupasua uzio, akaukuta ukuta wa kisima cha uani.

Hospitalini Ctibor alisubiri matusi. Aliyahitaji. Mguu wa mwanawe ulikuwa umening'inizwa, na madaktari walishasema hatapanda tena pikipiki ya mbio.

"Nitukane," alisema. "Sema chochote."

"Nilikuwa namwangalia Bibi, baba," Zbyněk alisema polepole. "Kilele chake kilikuwa kinatokea kabla ya kona. Nikikiona tu, nafunga breki. Toka utotoni. Jumamosi nilikumbuka kuwa hayupo. Jana, tulivyobanana vile, nilisahau. Nilimngoja. Hakutokea."

"Kwa nini hukuniambia ulipofika?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Raundi ilihama hata hivyo. Kilichobaki ni Jumapili moja ya Agosti, wazee na mashine zao za zamani wakizunguka polepole, bila pointi wala shada, wake zao wakikaa na sinia za keki kando ya njia. Mwaka wa kwanza Ctibor aliwaona wakivuka mgongo wa kilima, na kila mmoja, hata wale wa mwendo wa konokono, aliinua uso kutafuta kitu angani. Aliingia ndani, akafunga dirisha, akalia waziwazi mbele ya mkewe.

Tangu mwaka uliofuata husimama kwenye kisiki. Drahomíra alichana kitambaa cha lile godoro la mistari myekundu, akakishonea kwenye ncha ya ufito mrefu wa kupukutishia mapeasi, na Ctibor huuinua kwa mikono miwili kila ngurumo inapokaribia. Majirani walicheka mara moja tu. Jasho humwingia machoni, lakini haushushi mpaka wa mwisho apite.

Zbyněk huja na mkongojo wake, akasimama kando ya baba yake, macho kilimani.

"Inua zaidi, baba," humwambia. "Bibi alikuwa mrefu kuliko hivyo."