Kofia ya Gikonyo

Kundi la kupanda milima la kanisa lao pale Eldoret lilikuwa na kasoro moja tu: lilikunywa chai kuliko lilivyopanda. Kila boma walilolikaribia huko Cherangani lilikuwa na mtu anayemfahamu mtu, na upande huo huwezi kupita mlangoni kwa mwenyeji bila kuonja chai yake. Na chai lazima iombewe. Mwalimu Gideon, mwenyekiti wa kundi, aliiombea ya boma la kwanza mpaka ikashika utando. Boma la pili waliongezewa maziwa lala, nayo yakaombewa kivyake.

Eddah Warigia alivumilia. Ndani ya kiondo chake mlikuwa na kofia ya sufu ya marehemu mumewe, Gikonyo, na alikuwa ameapa kuiacha kileleni, mahali ambapo mzee alipapenda kuliko duka, kuliko nyumba, na pengine kuliko yeye. Kwa miaka mingi Gikonyo alitoka na kundi hili na kurudi jioni akisimulia huko juu: upepo, mawe, Eldoret yote chini ya miguu, hata paa jekundu la duka lao. Eddah akiomba kwenda, jibu lilikuwa lile lile. Mlima si wa akina mama. Maneno hayo yalimuuma Eddah wakati mzee akiwa hai, na kifo hakikuyapunguza makali.

Boma la tatu, la mwisho kabla ya kilele, lilikuwa la bibi kizee Chepkirui, ambaye kila mtu alimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin. Manyunyu yalikuwa yameanza. Eddah akaitoa kofia, akaivaa.

"Hiyo kofia naijua," Kogo akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Alituacha mwezi wa tatu, Kogo. Mimi ni bibi yake."

Kogo akaweka birika chini. "Pole sana, mama. Na vile nilikuwa nasema huyo mzee amekataa chai yangu." Akaonyesha kiti cha mbao karibu na moto. "Hapo ndiyo alikuwa anakaa. Hawa wengine wanaenda huko juu, yeye anabaki tunachambua maharagwe mpaka warudi."

Nyumbani Gikonyo hakuwahi kugusa hata punje moja ya maharagwe. Eddah akamgeukia Gideon, ambaye alikuwa amegundua jambo la maana sana ndani ya kikombe chake.

"Mwalimu."

"Ni magoti, Mama Waiyego. Tangu siku ya kwanza yalikataa hapa hapa. Akatuapisha tusiseme."

"Na ile maneno ya mlima si wa akina mama?"

"Alisema ukikuja utampita." Gideon akakohoa. "Wewe ni mtu wa Moi's Bridge, umekulia kwa mashamba, unatembea. Hakutaka umwone amekaa chini."

Eddah alikasirika. Alikasirika sana, na kilichomkera zaidi ni kwamba mwenye kukasirikiwa hakuwepo. Akaivua kofia, akaiweka juu ya kile kiti. Kogo akaichukua akaitundika kwenye msumari, isije ikakaliwa na mtu.

Gideon akainuka na kufumba macho.

"Mwalimu, hiyo utaomba ukitembea," Eddah akasema. Akainywa chai yake yote, maana na Kogo hakuwa na ugomvi, akatoka.

Kilele kilikuwa hapo tu, ng'ambo ya miti. Hata hakuhema. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hakuona Eldoret, wala paa jekundu, aliona ng'ombe mmoja ambaye naye alionekana amefika kwa bahati mbaya. Eddah akakaa juu ya jiwe lenye maji, mikono ndani ya kiondo kitupu, na machozi yakaja bila kuombwa.

"Si ungeniambia tu, baba Waiyego," akasema. "Ningekaa hapo chini na wewe, tuchambue hayo maharagwe."