Siku Arobaini na Moja za Ukungu

Katika chama cha watafiti wa hali ya hewa watu hawakuitana kwa majina. Kila mtu aliitwa kile anachokipima. Palikuwa na Umande, bwana mpole mwenye ndevu. Palikuwa na Upepo, ambaye hakuna aliyewahi kumkuta ofisini. Na palikuwa na Radi, mama wa sauti nzito aliyehesabu ngurumo kwa miaka ishirini na sita. Ukungu, profesa aliyepima ukungu wa kilimani, alikuwa amemwoa mdogo wake Radi. Basi ilipofika zamu ya kuchagua mwenyekiti mpya, na wakajitokeza wagombea wawili tu, wagombea wenyewe wakawa shemeji na shemeji. Katikati yao alibaki mke wa mmoja aliye pia mdogo wa mwingine, fundi cherehani ambaye hali ya hewa ilimhusu siku ya kuanika nguo tu.

"Mimi msiniingize," aliwaambia wote wawili, pini zikiwa midomoni. "Nikimshangilia dada, nitalala na mtu aliyenuna. Nikimshangilia mume, dada atanisusia mpaka kaburini. Nitashona tu."

Utaratibu wa chama ulikuwa rahisi. Kila mgombea aliandika vipaumbele vyake kwenye ukurasa mmoja, kisha Katibu, mama mfupi aliyependa karatasi zilizonyooka, aliusambaza kwa wanachama kabla ya mkutano mkuu. Radi aliupeleka wake siku ileile ya kwanza. Ulikuwa na vipaumbele saba, vimejipanga kama askari wa gwaride: jarida la chama litoke mara nne kwa mwaka, watafiti vijana wapate ufadhili, vyombo vya kale vibadilishwe, na kadhalika, mpaka cha saba, ambacho kilitaka chama kisikike hata na viziwi.

Ukungu hakupeleka kitu. Siku tisa mfululizo alikaa ofisini kwake, chumba cha chini ambacho dirisha lake lilitazama ukuta, akaandika neno "Kwanza" na kusimama hapohapo. Neno lilimtazama, naye akalitazama. Adhuhuri moja yenye joto usingizi ulimwiba mezani, akaota wanachama wameketi ukumbini, na kila aliyefungua kinywa kusema alitoa ukungu mweupe badala ya maneno. Ukajaa mpaka magotini, ukapanda mpaka vifuani, mwishowe ikabaki mikono tu juu ya weupe ule, imeinuliwa kupiga kura, haijulikani ya nani wala inampa nani.

Simu ilimwamsha. Alikuwa Katibu.

"Profesa, ukurasa wako?"

"Unakuja."

"Unakuja kwa miguu?"

Alicheka, lakini alipoweka simu alijua kwamba pale mezani hautaandikika. Ijumaa asubuhi akachukua gari la chuo, akapanda nalo mpaka barabara ilipokatika, kisha akapanda kwa miguu kwenda kituoni kwake kilimani.

Kituo lilikuwa neno kubwa kwa kitu kile. Kilikuwa ni wavu mmoja mwembamba, upana wa shuka, uliotandazwa kati ya nguzo mbili. Ukungu ukipita ndani ya wavu huacha matone. Matone huteremka kwenye mfereji wa bati, na mfereji humwaga kwenye chupa. Kando yake palikuwa na kibanda chenye meza, daftari na kiti. Na palikuwa na Mama Chupa, ambaye kwa miaka kumi na tisa alisoma chupa ile mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni. Jina hilo lilikuwa limempa sifa asizostahili, maana mtu asiyemjua alidhani ni mlevi, na yeye hata chai ya rangi ilimkera.

"Leo umekuja bila kuniarifu," alimwambia. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nagombea uenyekiti."

"Ah. Pole basi."

Akampa kiti chake, yeye akakaa kizingitini. Walikaa kimya, kama wanavyokaa watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu bila kuwahi kuzungumza. Jua lilikuwa kali. Mbingu ilikuwa safi, haina hata kipande cha wingu, na bonde lote lilionekana mpaka kwenye mapaa ya mji yaliyong'aa mbali kama magamba ya samaki.

Ilipokaribia saa sita, Mama Chupa alijifunga khanga mabegani.

"Unaona baridi na jua hili?" Ukungu aliuliza.

"Ngoja."

Ulitoka chini, miguuni mwao. Kwanza majani ya ukingoni yalififia, kama mtu aliyeyapumulia. Halafu ukungu ukaanza kupanda mteremko wote, taratibu, bila sauti, mweupe na wenye nuru ndani yake. Haukuwa ule ukungu wa kijivu wa alfajiri alioujua. Huu ulikuwa umejaa jua. Ulipomfikia, hakuona kituo wala kibanda wala mikono yake mwenyewe. Aliona mwanga tu, umemzunguka pande zote, na juu kabisa kipande cha mbingu ya buluu kama kifuniko cha sufuria. Ndevu zikamlowa. Mahali fulani karibu naye alisikia tone likianguka ndani ya chupa, kisha jingine, kisha yakawa mengi, yakishindana.

Hakujua alisimama muda gani. Akili yake ilielea. Alihisi kama yuko ndani ya kichwa cha mtu mwingine, mtu mtulivu kuliko yeye.

Sauti ya Mama Chupa ilitoka kwenye weupe. "Ndizo zile siku zako arobaini na moja."

"Siku gani?"

"Ulizoziondoa."

Ukungu ulipita kama ulivyokuja. Baada ya saa moja hivi bonde lilikuwa wazi tena, mji uking'aa kule chini kana kwamba halikutokea jambo. Mama Chupa aliinua chupa usawa wa macho, akaandika daftarini, ndipo akasema.

"Miaka minane iliyopita uliniletea jarida kwa mkono wako mwenyewe. Uliniambia nilitunze liwe ukumbusho. Nikalisoma. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: siku arobaini na moja zimeondolewa kwa sababu ya makosa ya mpimaji. Sasa mpimaji ni nani hapa, kama si mimi?"

Ukungu alilikumbuka jarida hilo vizuri. Makala ile ndiyo iliyompa uprofesa. Ilisema kwamba ukungu wa kilima kile unakwisha mwaka hadi mwaka. Na alizikumbuka siku zile. Daftari lilionyesha maji tele adhuhuri, wakati kituo cha mjini kiliandika anga safi. Alikuwa amechoka, tarehe ya mwisho imekaribia. Alifikiri mama yule alisahau kumwaga chupa ya asubuhi. Akachukua kalamu nyekundu.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikuandikia barua tatu."

"Sikujibu?"

"Ulijibu moja. Ulisema, 'Asante kwa kazi nzuri.'"

Hakukuwa na chuki katika sauti yake, na hilo lilimchoma zaidi. Kisha Mama Chupa akamwonyesha kwa kidevu uwanda mdogo chini ya kibanda, ambapo nguzo kadhaa zilisimama tupu. Pale palikuwa na kitalu cha miche ya kupandwa mlimani, kikinyweshwa kwa nyavu kama ule wa kituo. Makala ilipotoka, wakubwa wa misitu walisoma kwamba ukungu unakwisha, wakang'oa nyavu. Miche ilikauka msimu uleule.

"Walikuja na jarida mkononi," alisema. "Nikawaambia ukungu haujakwisha, umehama saa tu, siku hizi unapenda kuja mchana. Wakaniuliza mimi nimesoma wapi."

Ukungu aliandika ukurasa wake palepale, juu ya meza ya kibanda, kwa kalamu ya Mama Chupa. Haukujaa nusu.

Katibu alipousoma alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Profesa, una hakika?" Akaambiwa ndiyo. Akausambaza.

Kesho yake jioni Radi alifika nyumbani kwa Ukungu bila hodi. Mdogo wake alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani, akaona uso ule, akayarudisha kwenye pindo.

"Shemeji, umerogwa?" Radi alisema. "Mimi nimejiandaa kukushinda kwa haki, wewe unajichinja mwenyewe! Mtu havui nguo sokoni ili watu wamwonee huruma."

"Sitaki huruma."

"Unataka nini, basi?"

"Nilikosea, na aliyejua ni mtu mmoja, na huyo mtu hana mlango wa kuingilia chama chetu. Nataka apate mlango."

"Andika masahihisho kimyakimya, mwezi ujao, kura zikishapita. Nani atakulaumu?"

"Hakuna," alisema Ukungu. "Ndiyo shida."

Radi alimgeukia mdogo wake. "Na wewe umekaa tu!"

"Nilisema nitashona," mkewe alijibu. Lakini dada alipoondoka, alizima taa ya cherehani, akaja kukaa karibu na mumewe. "Utaanguka," alimwambia.

"Najua."

"Basi vaa ile suti ya bluu. Nimeipunguza kiuno. Mtu akianguka aanguke amependeza."

Siku ya mkutano Radi alisema kwanza. Alivipitia vipaumbele vyake saba bila karatasi, ukumbi ukatikisika kwa makofi, na kwa kweli vilikuwa vizuri. Hata Ukungu alipiga makofi kwa moyo. Kisha akaitwa yeye. Alipanda jukwaani na nusu ukurasa wake.

"Nina kimoja tu," alisema. "Wanaotupimia wawe wanachama, na majina yao yawe kwenye makala zetu. Sababu yake ni hii." Akawasimulia siku arobaini na moja, kalamu nyekundu, barua tatu, jibu lake la maneno manne, na miche. Alitaja kila kitu kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, mpaka waliokaa nyuma walilazimika kuinama mbele.

Kijana mmoja wa safu ya pili akainua mkono.

"Profesa, kwa nini tumwamini mwenyekiti aliyefuta vipimo?"

Ukungu alifikiri. "Sijui," alisema. "Labda msimwamini. Lakini mwaminini mpimaji."

Kura zikahesabiwa. Radi alipata sabini na nne, Ukungu kumi na tisa. Akampa shemeji mkono, akatoka kwenda kusimama kwenye ukumbi mdogo wa nje, karibu na meza ya chai, akitegemea kwamba watu watampita kama wanavyompita mgonjwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Umande. Alisimama kando yake, akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari, na bila kumtazama akasema kwa sauti ya ndani ya ndevu, "Mimi ni mwaka mzima. Ule wa ukame. Niliuondoa wote."

Kabla hajajibu, Umande alikwenda zake. Akaja mama wa mvua, ambaye hakuwahi kuzungumza naye. "Siku sita," alinong'ona. "Zilinisumbua, nikaziondoa." Akaja yule kijana wa safu ya pili, masikio yamemwiva kwa aibu. Akaja hata Upepo, ambaye watu walishangaa kumwona kwa macho. Walikuja mmojammoja, kama wanaotembea usingizini, wakaacha idadi zao mikononi mwake na kuondoka, na yeye alisimama na chai yake iliyopoa akiitikia tu kwa kichwa. Mwanga wa adhuhuri uliingia kwenye vioo vya paa, ukajaza ukumbi wote, na kwa kitambo hakujua kama yuko macho.

Radi hakuja. Radi alikuwa akipigwa picha. Lakini Jumatano alipiga simu.

"Shemeji, mimi sina la kuungama. Radi haifichiki, kila mtu huisikia."

"Sawa, Mwenyekiti."

"Sikiliza." Akanyamaza, na kunyamaza kwa Radi kulikuwa jambo geni. "Yule bwana anayenihesabia ngurumo kule kituo cha kaskazini. Miaka kumi na mbili sasa. Nimetafuta kwenye mafaili yote. Shemeji, sijui anaitwa nani."

"Mpigie umuulize."

"Nitamwambia nini? Nianzie wapi?"

"Anza na shikamoo."

Hoja ya uanachama ililetwa mwaka uleule na Mwenyekiti mwenyewe, ikiwa kipaumbele cha nane. Ilibishaniwa siku mbili, ikapita kwa tofauti ya kura tatu. Masahihisho ya makala yalitoka kabla ya hapo. Ukungu alipanda kilimani kuyaandika pamoja na Mama Chupa, na ilimbidi amuulize jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Mama Chupa alimtajia mara mbili, maana mara ya kwanza Ukungu alilikosea herufi.

"Likosee tena uone," Mama Chupa alimwambia. "Nitakuondoa kwa kalamu nyekundu."

Watu wa misitu walikuja na jarida jipya mkononi, wakasimamisha nyavu nne kwenye zile nguzo tupu, na msimu uliofuata kulikuwa na safu mbili za miche, kila mmoja urefu wa kidole. Siku moja adhuhuri Ukungu alikaa kwenye benchi la kitaluni kungoja saa ya kipimo. Weupe ulipanda kutoka bondeni, ukafunika miche, ukafunika viatu vyake, na matone yakaanza kudondoka kutoka nyavu zote nne. Kichwa chake kikainama. Mama Chupa alitoka kibandani na daftari, akamkuta amelala fofofo, nywele zimejaa maji. Alisoma chupa, akaandika, akamfunika khanga, akarudi ndani kungoja kipimo cha jioni.