Diski ya Maabara ya Maji

Saa nne kamili asubuhi karani wa maabara ya maji alichomoa waya wa kompyuta ili achomeke birika la umeme, kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka sita. Siku hiyo kompyuta ilizimika na haikuwaka tena. Karani akanywa chai yake kwanza, ndipo akampigia simu fundi.

Fundi alikuta chumba kinanuka. Harufu ya waya ulioungua angeipokea kwa mikono miwili. Hii ilikuwa ya choo kilichofurika. Karani alikuwa ameweka nusu ya limau juu ya kompyuta.

"Imeanza lini kunuka?"

"Ina miezi minane hivi. Ukikaa muda, pua inazoea."

"Na huu mchezo wa kuchomoa waya?"

"Dada yangu, soketi ni moja. Nifanyeje?"

Fundi alimeza hasira. Linux, mfumo uliokuwa ukiiendesha kompyuta hiyo, ina uvumilivu wake, lakini diski gani itastahimili kukatwa umeme kila siku katikati ya kazi? Akaiwasha kompyuta kwa flashi yake mwenyewe, akatoa amri ya kuikagua diski. Skrini ikaanza kuuliza: kuna faili hapa halina jina wala mahali pa kukaa, lirudishwe? Akabonyeza ndiyo. Kila alipobonyeza ndiyo, kompyuta ilidondosha maji ya kahawia mezani. Faili la kumi lilitoka na funza. Alimfuta kwa tishu, akaendelea.

Mafaili yaliyookolewa yalijipanga kwenye folda ya vilivyopotea. Yalikuwa vipimo vya bomba la mtaa wa bondeni, vya miezi minane: kinyesi, kinyesi, kinyesi, kwa viwango vilivyoandikwa hadi nukta ya pili. Haya hayakuharibiwa na birika. Yalifutwa kwa mkono, moja moja, kila Ijumaa.

Mama yake fundi aliishi mtaa wa bondeni. Tangu mwaka uanze tumbo halikumpa nafasi. Alikonda hadi pete ikamvuka kidoleni, na zahanati wakamwambia ni uzee.

"Nani kavifuta?"

"Mimi," karani alisema, akimimina maji ya chupa kwenye birika. "Meneja aliagiza. Bomba jipya bado, watu wasije wakataharuki bure."

"Na nyinyi mnakunywa ya chupa."

"Sasa tunywe yale?" Karani alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

Meneja aliingia akiwa ameinua suruali, maana dimbwi la maji ya kahawia lilikuwa limefika mlangoni. Akasoma skrini mpaka mwisho, bila haraka.

"Haya tunayajua, fundi. Diski imepona?"

"Imepona. Ila kuvuja haitaacha."

"Basi leteni ndoo."

Ndoo ikaletwa. Mhudumu akapangiwa kuimwaga mara mbili kwa siku, na karani akaahidiwa soketi ya pili. Meneja akayafuta mafaili mwenyewe mbele yao, akajipangusa vidole kwa limau, akamshukuru fundi kwa kazi safi. Fundi alitamani kumtapikia viatu. Alitia saini fomu ya kazi, akatoka nje, akampigia simu mama yake.

"Mama, maji ya bomba usiyanywe tena. Yana kinyesi. Nimeona vipimo kwa macho yangu."

"Tunajua, mwanangu. Sisi hatuna pua? Tunayachuja kwa kitambaa."

"Kuchuja hakusaidii, mama."

"Sasa tunywe nini?"

Mama akamwomba asikate simu, asubiri kidogo tu yeye mama ameze dawa yake ya tumbo. Fundi akasikia bomba likifunguliwa, na kikombe kikijaa.