Vinyama vya Bega la Kulia

Mimi ndiye niliyemfunga mume wangu zile nyuzi. Naanza na hilo ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine. Watu wa mtaa wetu wa Biryogo wana huruma, wataniambia ilikuwa vita, Mama Shimwa, usijilaumu. Wapi! Vita sikuianzisha mimi, lakini mkasi niliushika mimi.

Baba Shimwa, jina lake Habumugisha, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, hapa hapa Biryogo. Baraza haina mlango, kwa hiyo kila jioni alifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakifunga kwa mkanda wa turubai na kukining'iniza bega la kulia hadi nyumbani. Asubuhi hivyo hivyo. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Mkanda ukamwachia mstari mweusi kutoka shingoni hadi begani, na juu ya mstari huo vikaota vinyama. Unavijua, vile vidogo vya ngozi vinavyoning'inia kwenye kijishina, laini, wala haviumi. Alikuwa navyo saba. Nilikuwa namtania kwamba ana shanga za kuzaliwa nazo, naye anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mnene, mpole, si kama mimi.

Mwezi wa tisa, mwaka 1990, akaja mama mmoja wa Kiyovu, mtaa wa matajiri, anaitwa Daphrose, anataka gauni la arusi ya bintiye. Mume wangu akainama kumpima, kola ikafunguka, yule mama akaruka nyuma.

"Hiyo ni nini? Sida?"

Alisema mbele ya watu, kwa sauti. Miaka ile ukimwi tuliuita sida, na neno hilo likitajwa barazani, baraza inahama. Wiki ile ile wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja ana safari ya ghafla. Nilitaka kwenda Kiyovu kumtoa yule Daphrose macho. Badala yake nikamkokota mume wangu hadi zahanati kwa Pudentienne.

Pudentienne ni muuguzi, mwanamke mrefu, haongei mara mbili. Alimwangalia shingo na bega karibu na dirisha, akavivuta vile vinyama kimoja kimoja kwa kidole, akacheka.

"Hivi si ugonjwa. Ni ngozi tu, inaota pale inaposuguliwa. Wanene wanavipata, wajawazito wanavipata, wenye sukari pia. Haviambukizi mtu. Ukitaka vitoke, daktari anakuja Ijumaa tarehe tano. Atatia ganzi, atakata kwa wembe safi, umemaliza. Ila nyumbani msiguse, sawa? Na siku hiyo nitamtoa damu kidogo niangalie sukari."

Damu! Mimi nilisikia neno hilo tu, sukari ikapita upande wa pili. Nikajiambia hawa wanataka kupima sida kwa ujanja. Mume wangu kabla yangu alikuwa na maisha yake, na mimi nilikuwa na maisha yangu, na wote tuliokuwa tukiwajua wakati huo tulikuwa tunawazika. Niliogopa, ndiyo hivyo. Niliogopa karatasi moja kuliko nilivyomwogopa Mungu, astaghfirullahi. Njiani nikamwambia Baba Shimwa kwamba daktari wa nini, marehemu mama yangu alikuwa anavifunga kwa uzi, vinakauka, vinaanguka vyenyewe.

"Pudentienne amesema tusiguse," akasema.

"Pudentienne ameolewa na wewe?"

Akacheka, akakaa kwenye kigoda, nikamfunga. Ilikuwa Jumapili tarehe thelathini. Nilitumia uzi wa hariri wa kushonea suti, vinyama vyote saba kwa mpigo.

Kesho yake redio ikasema vita imeanza kaskazini. Jumatano viwili vidogo vikaanguka. Vitano vilivyobaki, ambavyo mashina yake yalikuwa manene, vilivimba, vikawa vyeusi na kuanza kunuka. Alhamisi usiku risasi zikarindima mjini hadi asubuhi, sisi tumelala chini ya kitanda na mtoto katikati. Ijumaa hakuna aliyetoka nje. Zahanati imefungwa, daktari yuko wapi hatujui, Baba Shimwa ana homa na bega linawaka. Mimi nikiogopa siwezi kukaa, lazima mikono ifanye kitu. Nikachukua mkasi wa vitambaa, nikavikata vyote vitano. Aliuma taulo, machozi yanamtoka, hakunisema. Vidonda vitano vikabaki kwenye mstari mmoja, nikavipaka ile dawa ya zambarau.

Jumamosi saa tatu asubuhi wanajeshi wakaingia mtaani, nyumba kwa nyumba. Walikuwa wanatafuta ibyitso, ndivyo walivyowaita washirika wa adui waliojificha mjini. Wanaume wote wakatolewa uani na kuambiwa wavue mashati. Wanawake tulisimama ukutani hatuelewi mashati yana nini. Halafu nikamwona yule askari anapitisha kiganja kwenye bega la jirani yetu, la kulia, polepole, kutoka shingoni hadi ukingoni. Anatafuta alama ya mkanda wa bunduki. Nilijua atakachokikuta kwa mume wangu.

Alipomfikia hakuhitaji hata kupapasa. Mstari mweusi, na juu yake vidonda vitano vibichi vyenye dawa.

"Hii iko nini?"

"Ni vinyama tu, bwana. Mke wangu amevikata. Mimi fundi cherehani, nabeba mashine."

"Leo kila mtu iko fundi," akasema, akamsukuma kwenye lori.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nilisema cherehani, nilisema mkanda, nilikimbia ndani nikautoa mkanda wenyewe, nikaurusha miguuni pao. Askari mmoja akaukanyaga akapanda. Lori likaondoka na wanaume kumi na tisa wa mtaa wetu.

Waliwekwa kwenye godauni la zamani la kahawa, kule chini kwenye viwanda. Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya wanawake tangu saa kumi na mbili. Mbele ya lango palikuwa na meza, na nyuma ya meza Luteni, kijana bado, msafi, buti zinang'aa. Kila mwanamke alisema jina la mumewe, naye anaangalia orodha, anatikisa kichwa, anayefuata. Mwanamke wa mbele yangu alipong'ang'ania, alipigwa kitako cha bunduki mgongoni. Nilisikia mlio wake.

"Habumugisha. Fundi. Biryogo," nikasema.

"Huyu alikutwa na alama ya bunduki. Anayefuata."

Hapo ndipo nilipoona kola yake. Ilikuwa na tone la damu, na juu ya tone, chini ya taya, kinyama. Wembe ulikuwa umekigonga asubuhi ile. Sijui nani alinifungua mdomo, wallahi.

"Bwana Luteni, naomba usinikasirikie. Hicho kinachokutoa damu kila ukinyoa ndicho alichokuwa nacho mume wangu. Alikuwa navyo saba. Mimi ndiye niliyevitoa."

Wanawake walio nyuma yangu walirudi hatua mbili. Luteni alipeleka mkono shingoni, akakishika. Nikaanza kusoma shahada moyoni.

"Wewe unaweza kutoa hii?"

"Naweza kukifunga. Kinachukua wiki."

"Basi njoo kesho ufunge. Kikianguka, tutaangalia. Kikiacha alama sawa na ya bwana yako, umesema kweli. Kisipoacha, umenidanganya, wewe na yeye."

Nilikimbia hadi kwa Pudentienne, nikamkuta anafunga mlango. Nikamweleza yote, hadi mkasi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi. Aliuliza kinyama kina shina la namna gani. Nikasema jembamba, jembamba sana.

"Afadhali. Sasa sikiliza. Uzi uuchemshe, mikono uoshe kwa sabuni, ngozi uifute kwa spiriti. Funga mara moja, kaza, usikiguse tena. Usikate hata kidogo. Shina jembamba likifungwa vizuri, linakauka na kuanguka, na baada ya siku mbili huoni kitu."

"Hata alama?"

"Hata alama."

Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Nikifanya vizuri, alama haitabaki, na mume wangu atakufa kwa uongo wangu. Nikifanya vibaya, nimemjeruhi mwanajeshi shingoni wakati wa vita. Nilimwuliza Pudentienne nifanye lipi. Alinipa chupa ya spiriti na pamba, akasema yeye anajua kazi ya aina moja tu.

Jumanne nikamfunga. Walinikagua langoni, wakaniachia uzi na kimkasi cha kukatia uzi. Luteni aliketi, akainua kidevu, akaweka bastola pajani. Koo lake lilikuwa chini ya vidole vyangu, nasikia mapigo yake. Yalikuwa yametulia. Yangu yalikuwa yananipiga masikioni. Nilifikiri juu ya mkasi, sikatai, nilifikiri. Halafu nikafikiri juu ya Shimwa aliyebaki kwa jirani, nikatia kitanzi, nikakaza, nikafunga. Nilifanya vizuri. Mikono yangu haikujua kufanya vibaya ikiwa imeogopa kiasi kile.

"Njoo kila siku uangalie," akasema.

Nikaenda kila siku. Jumatano kilikuwa cha zambarau, Alhamisi cheusi, Ijumaa kimesinyaa. Nilikuwa nabeba wali na maharage, naliacha bakuli kwa askari wa langoni, jioni linarudi tupu, na nani amekula sikujua. Luteni alikuwa ananikaribisha sasa, ananiita mama daktari, anawaonyesha wenzake. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Nilicheka, mume wangu yuko nyuma ya ukuta ule ule. Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki, nilikuwa nasema ndiyo bwana, asante bwana. Usiku silali. Kila nikifumba macho naona ngozi safi.

Jumatatu tarehe kumi na tano nilimkuta ameshika kioo kidogo. Kinyama kilikuwa kimeanguka kitandani. Aligeuza shingo huku na huku, anapitisha kidole.

"Hakuna kitu," akasema. "Safi. Iko wapi alama, mama?"

Nilipiga magoti. Nikamwambia kweli yote, kwamba muuguzi alitukataza nami nikakataa, kwamba niliogopa kipimo cha damu, kwamba vya mume wangu vilikuwa vinene, vikaoza, nikavikata kwa mkasi wa vitambaa. Nikaona maneno hayatoshi. Mimi mwenyewe ninacho kimoja, huku nyuma ya sikio, kinene, tangu mimba ya Shimwa. Nikavua ushungi mbele ya wanaume wale, nikakivuta, nikakikata kwa kile kimkasi. Maumivu yalipanda hadi jino. Damu ikashuka hadi kwenye gauni.

"Angalia! Hivi ndivyo nilivyomfanya! Kesho nitarudi uone kidonda, ukilinganishe na chake!"

Luteni akachukua pamba kwenye kikapu changu, akanipa, kwa upole kabisa.

"Mama daktari, tulia. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza." Akavuta kola ya shati, akanionyesha bega lake. Palikuwa na weusi mpana, laini, bila kidonda. "Hii ndiyo alama ya bunduki. Miaka tisa. Haitoboi mtu matundu."

"Sasa kwa nini hukumwachia?"

Alishangaa, kweli alishangaa, kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Ningemwachia, ungerudi kunihudumia?"

Akaita jina. Wakamtoa Baba Shimwa saa hiyo hiyo. Sikumjua kwanza. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, anatembea amepinda, mikono inaning'inia mbele yake. Kwenye viwiko palikuwa na michubuko mipana ya kamba, imezunguka pande zote. Walikuwa wamewafunga viwiko nyuma ya mgongo, wote, wakalala hivyo. Luteni alikuwa amesharudi kwenye orodha yake, haangalii.

Tukavuka barabara ya viwanda. Nilikuwa nimebana pamba nyuma ya sikio. Vile vidonda vya begani vilikuwa vimeshapona, nikaviona kupitia shati lililochanika.

"Walikufunga lini?" nikamwuliza.

Alifikiri. Alikuwa anahesabu siku kwa midomo.

"Jumatano," akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa mzima."

Jumatano nilikuwa pale langoni. Nilikuwa nimesimama na Luteni, nachunguza shingo yake, nacheka. Nikampa mume wangu mkono avuke mtaro. Aliuweka wake juu ya wangu, nami nikaubana kwa nguvu zangu zote, lakini vidole vyake havikuweza kufunga.